CHUO KIKUU NI CHA NANI?

Ndugu wafanyi kazi,

Twaambiwa kila siku kwamba mlango wa chuo kikuu u wazi kwa kila mtoto mwenye akili. Hebu tuutazame mlango huo.

Zamani mtoto aliyechaguliwa na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 ukaja mpango mpya, na baadaye jamaa zetu wakagawanywa mafungu matano kwa kadiri ya mapato. Mwenye nacho alipe zaidi, asiye nacho asaidiwe. Neno hilo ni jema, wala hatulipingi. Tunapinga kipimo.

Fungu la tatu lilianzia juu ya shilingi 23,670 kwa mwezi, likafika hata 70,000. Basi tuseme mtu wa gengi ya reli apata 25,000. Alitiwa kapu moja na karani mkubwa wa 70,000, wote wawili wakaambiwa watoe sehemu 20 katika kila 100 za gharama. Masomo yakiwa 200,000 kwa mwaka, sehemu hiyo ni 40,000. Kwa karani haifiki mshahara wa mwezi mmoja. Kwa mtu wa gengi inapita mwezi na nusu, na watoto nyumbani hawajala. Tena sehemu 30 zilikuwa mkopo: 60,000 kwa mwaka, deni la 240,000 kwa miaka minne, kabla mtoto hajapata kazi.

Mwajiriwa hana pa kujificha. Mshahara wake umeandikwa, nao hukatwa kodi, bima ya afya na fedha za nyumba kabla haujafika mkononi. Mwenye maduka na magari hujitajia mapato apendavyo.

Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mpango huo unavunja katiba. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ikaisimamisha hukumu hiyo. Wakubwa wakibishana, muhula haungoji.

Twataka mambo matatu. Kwanza, zihesabiwe fedha zinazobaki mkononi. Pili, mafungu yapunguzwe upana, mdogo asifungwe nira moja na mkubwa. Tatu, kila tawi la chama liweke mtu wa kuwasaidia wanachama kuandika rufani za watoto wao. Hili la tatu halihitaji ruhusa ya serikali. Tulianze katika mkutano ujao.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Basi wenye njaa na waseme.

Mimi,
Mfanyi kazi wa Reli