FAIDA NI NINI?

Wako wengi wadhanio kwamba falsafa ni kazi ya watu wasio na shamba wala duka. Hata mimi nalidhani hivyo, mpaka siku ile mashine yetu ya kusaga mahindi iliponyamaza.

Mimi na rafiki yangu tulichanga fedha sawasawa, tukainunua. Yeye alisimamia kazi, nami nikaendelea na ukarani. Patano letu lilikuwa fupi: "Faida tutagawana nusu kwa nusu." Kila Jumamosi alinigawia, nami nikapokea kwa furaha. Mwezi wa sita mkanda ukakatika, na siku ile ile mwenye kutukopesha mafuta akaja kudai. Sanduku lilikuwa tupu. Nikasema, "Umekula mtaji!" Akajibu, "Ndugu yangu, si tulikula pamoja?"

Alisema kweli. Kwake faida ilikuwa fedha zote zilizoingia. Kwangu ni zile zibakizo baada ya kulipa gharama na madeni. Hakuna aliyeiba. Ila hakuna aliyeuliza.

Zamani palikuwa na Myunani wa Athens, jina lake Socrates, aliyekufa mwaka wa 399 kabla ya Kristo. Hakuandika kitabu, desturi yake ilikuwa kuwauliza watu maana ya maneno wayatumiayo kila siku. Haki ni nini? Ushujaa ni nini? Wengi waliojiona wajuzi walishindwa kujibu. Laiti sisi wawili tungaliulizana, "Faida ni nini?"

Naye Aristotle, aliyekuja baadaye, alifundisha kwamba urafiki ni wa namna tatu: wa manufaa, wa kupendezana, na wa tabia njema. Ule wa manufaa huvunjika mara manufaa yakomapo.

Basi, msomaji, kabla hujatoa fedha zako, muulize mwenzako: Faida ni nini? Hasara tutaibebaje? Nani atashika daftari? Akikasirika kwa kuulizwa, umekwisha kupata jibu.

Rafiki yangu hakukasirika. Tuliketi usiku kucha, tukaandika patano jipya, kila mmoja akauza mbuzi kulipa deni. Leo mashine yasaga tena, na kila Jumamosi twafungua daftari kabla ya kufungua sanduku. Wahenga walinena: Mali bila daftari hupotea bila habari.