Risasi bila daftari: Somo la bei nafuu kwa Kisumu

KATIKA maduka makubwa ya jiji la Kisumu, kuanzia barabara ya Oginga Odinga hadi jengo la Mega City lililo kando ya barabara ya kuelekea Nairobi, mteja hupata unga, sukari, mafuta ya kupikia, magodoro na hata runinga. Kitu ambacho hatakipata, hata akiwa na pesa mkononi na leseni mfukoni, ni risasi.

Kwa mkazi wa Kondele au Nyalenda, jambo hilo ni la kawaida kiasi kwamba halihitaji maelezo. Hata hivyo, familia nyingi za Nyanza zina jamaa waliohamia Marekani, na huko hali ni tofauti kabisa. Katika majimbo mengi ya nchi hiyo, mtu anaweza kuingia katika duka lenye matawi nchi nzima kununua maziwa na mkate, kisha akatoka na paketi ya risasi katika mfuko huo huo.

Miongoni mwa wamiliki wa bunduki wa Marekani, mjadala kuhusu mahali pa kununua risasi ni wa muda mrefu. Wapo wanaoyapendelea maduka makubwa kwa sababu hununua shehena kubwa kutoka viwandani na kwa hiyo huuza kwa bei nafuu. Wengine hushikilia duka dogo la mtaani, ambalo bei yake huwa juu, lakini mwenyewe anaijua kazi yake, anawajua wateja wake na anaweza kumtilia shaka mtu anayetaka kununua kwa nia mbaya. Ni mjadala ambao mkazi wa Kisumu anaufahamu vizuri, isipokuwa kwamba yeye huufanya kuhusu sukari: supamaketi ina bei nzuri, lakini mwenye kioski ndiye anayemjua mteja kwa jina.

Tofauti ni kwamba sukari haiui. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 iliwataka wauzaji wa risasi waweke kumbukumbu za mauzo yao. Mwaka 1986 Bunge la nchi hiyo liliondoa sharti hilo kwa sehemu kubwa ya risasi, na biashara ikawa huru. Tangu wakati huo ushindani ulibaki katika bei, na katika ushindani wa bei mwenye duka kubwa ndiye mshindi.

Agosti 3, 2019, mtu mwenye bunduki aliwashambulia wateja katika duka la Walmart mjini El Paso, jimbo la Texas, na kuwaua zaidi ya watu 20. Mwezi uliofuata, kampuni hiyo ilitangaza kwamba ingeacha kuuza risasi za bastola pamoja na zile zinazoweza kutumika katika bunduki za kivita. Yenyewe ilikadiria kwamba sehemu yake katika soko la risasi la Marekani ingeshuka kutoka takriban asilimia 20 hadi kati ya asilimia 6 na 9. Kwa maneno mengine, kampuni moja inayouza nyanya na sabuni ilikuwa imeshika karibu moja ya tano ya soko la risasi la taifa zima.

Mwaka huo huo wa 2019, jimbo la California lilianza kuwataka wanunuzi wa risasi wachunguzwe kabla ya kuuziwa, na tangu hapo sheria hiyo imepingwa mahakamani. Ni kana kwamba jimbo hilo lilikuwa likijaribu kurejesha daftari ambalo taifa lilikuwa limelitupa miaka 33 kabla.

Kenya ilifuata njia nyingine. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, ambayo chanzo chake ni enzi za ukoloni, hakuna anayeruhusiwa kununua au kuwa na bunduki wala risasi bila cheti. Cheti hicho hakitaji bunduki peke yake. Hutaja pia idadi ya risasi ambazo mwenyewe anaruhusiwa kununua na kuwa nazo. Muuzaji naye hana budi kusajiliwa na kuweka kumbukumbu za biashara yake. Katika mpango huo supamaketi haina nafasi, na wauzaji walioidhinishwa ni wachache.

Historia nayo ilichangia kuwapunguza wateja. Mwaka 1977 Serikali ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori, na mwaka 2003 ikazuia pia uwindaji wa ndege. Tangu hapo, mkulima wa ufuo wa Ziwa Victoria ambaye shamba lake limevamiwa na viboko usiku hana ruhusa ya kujitafutia risasi. Hulazimika kuwaita maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na akiumizwa hudai fidia chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, ambayo iliweka Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa.

Wamiliki halali wa silaha wana malalamiko yao, na si ya kupuuzwa. Kwao uhaba wa wauzaji unamaanisha gharama kubwa na safari ndefu. Aidha, mtu mwenye bastola kiunoni ambaye hafanyi mazoezi ya kulenga kwa sababu risasi ni ghali, ni hatari kwake mwenyewe na kwa jirani zake. Kwa mtazamo huo, risasi nafuu ni suala la usalama.

Hoja hiyo ina uzito, lakini inajibika. Risasi za mazoezi zinaweza kutolewa katika uwanja wa kulenga shabaha, zikahesabiwa wakati wa kutolewa na maganda yake yakahesabiwa wakati wa kurudishwa. Haihitaji duka la kila mtaa. Desemba 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Dkt Fred Matiang'i, aliagiza wamiliki wote wa silaha walio raia wachunguzwe upya katika muda wa siku 90. Hatua hiyo ilionyesha kwamba Serikali, ikitaka, inaweza kumwita kila mwenye cheti na kumhoji.

Ni dhahiri, basi, kwamba mlango wa mbele wa Kenya umefungwa vizuri. Swali ni kuhusu mlango wa nyuma.

Shirika la utafiti la Small Arms Survey lenye makao yake mjini Geneva lilikadiria, kwa hesabu ya mwaka 2017, kwamba silaha zipatazo 750,000 zilikuwa mikononi mwa raia nchini Kenya. Zilizo na vyeti ni sehemu ndogo sana ya idadi hiyo. Bunduki isiyo na risasi ni rungu tu, kwa hiyo wenye silaha hizo nyingine wana mahali wanapopata risasi, na mahali hapo si kwa muuzaji mwenye leseni.

Mwaka 2008 shirika hilo lilitoa ripoti kuhusu Turkana Kaskazini iliyowashtua wengi. Ilisema kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka kinyume cha sheria katika eneo hilo zilitoka kwa polisi wa Kenya. Shabaha ilikuwa kuwasaidia wafugaji wajilinde dhidi ya wavamizi wa ng'ombe kutoka ng'ambo ya mpaka. Lakini risasi ikishatolewa bila hesabu haina mwenyewe. Aliyepewa ili alinde mifugo anaweza kuiuza, kuigawa au kuivamia boma la jirani.

Ripoti hiyo ilitaja pia risasi zilizotengenezwa Eldoret. Kiwanda cha Kenya Ordnance Factories kilianzishwa katika mji huo mnamo miaka ya 1990, kwa mitambo kutoka Ubelgiji, ili taifa lisitegemee risasi za kununua nje. Eldoret iko zaidi ya kilomita 100 tu kutoka Kisumu kupitia Kapsabet. Taifa linalojitengenezea risasi lina nafasi nzuri ya kujua kila moja inakokwenda, kuliko lile linaloziagiza kwa meli. Kwa sababu hiyo, likishindwa kujua, halina wa kumlaumu.

Kisumu inaujua uchungu wa kushindwa huko kuliko miji mingi. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilihesabu watu 1,133 waliouawa kote nchini, 405 kati yao kwa risasi. Katika Nyanza, ilibaini tume hiyo, risasi za polisi ndizo zilizosababisha sehemu kubwa ya vifo.

Januari 16, 2008, kamera ya televisheni ilimnasa mtu aliyevaa sare za polisi akiwafyatulia risasi vijana wasio na silaha mjini Kisumu. Taifa zima liliona picha hizo. Afisa mmoja alishtakiwa kwa mauaji, lakini Juni 2010 Mahakama Kuu ilimwachilia huru. Miongoni mwa mambo yaliyoivunja kesi ni kwamba nambari ya bunduki iliyowasilishwa kama ushahidi haikulingana na ya ile aliyodaiwa kukabidhiwa siku hiyo. Ingawa suala hilo lilifika baadaye katika Mahakama ya Rufaa, somo lake lilikuwa limekwisha kuonekana: kesi ambayo nchi nzima iliitazama kwa macho yake ilikwama kwa sababu ya kumbukumbu za ghala la silaha.

Sheria imejaribu kuziba pengo hilo. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika Jedwali lake la Sita, inamtaka afisa aliyetumia bunduki aripoti kwa mkubwa wake, na ikiwa mtu ameuawa au kuumizwa vibaya, Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA, ijulishwe. Hata hivyo, Machi 2023 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno aliuawa kwa risasi wakati wa maandamano ya kupinga gharama ya maisha. Kila inapotokea hivyo, familia huuliza swali lile lile: risasi hii ilitoka katika bunduki ipi, na nani aliyeitia sahihi asubuhi ile?

Brazili ilijaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya kiwanda. Sheria yake ya mwaka 2003 iliagiza risasi za vikosi vya dola zipigwe alama ya fungu lake kwenye ganda. Diwani Marielle Franco alipouawa Rio de Janeiro Machi 2018, maganda yaliyookotwa yalionyesha kwamba risasi hizo zilikuwa za fungu lililouzwa kwa Polisi wa Shirikisho mwaka 2006. Lakini fungu hilo lilikuwa na risasi zaidi ya milioni moja, ilhali kanuni ilitaka lisizidi 10,000. Alama ilionyesha mlango ambao risasi zilitokea, lakini haikuweza kumtaja aliyeufungua. Alama peke yake haitoshi. Fungu lazima liwe dogo na daftari liwe wazi.

Desemba 2023, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliidhinisha mwongozo wa kwanza wa dunia nzima kuhusu usimamizi wa risasi tangu zinapotengenezwa hadi zinapotumika au kuharibiwa. Kenya, yenye kiwanda chake na yenye makao ya kituo cha kikanda cha kupambana na silaha ndogo jijini Nairobi, haina kisingizio cha kubaki nyuma.

Faida yake kwa ufuo wa ziwa ni kubwa. Katika mpaka wa Sondu, ambako wakazi wa Nyakach na majirani zao wa Kericho wamepigana mara kwa mara, silaha iliyotajwa zaidi katika mapigano ya mwaka 2023 ni mshale. Mshale nao huua, na familia zilizozika watu wao hazihitaji kukumbushwa. Lakini kila mzee wa eneo hilo anajua idadi ya makaburi ingekuwa nyingine iwapo risasi zingepatikana kwa wepesi wa Turkana. Hali kadhalika ziwani, ambako wavuvi huvamiwa usiku na kuporwa injini na nyavu. Mvuvi wa Usenge au Mfangano aliyenyang'anywa injini anaweza kutamani naye awe na bunduki. Akiipata, mporaji atatafuta kubwa zaidi, na bei ya samaki italipwa kwa damu.

Kinachotakiwa si sheria mpya ya kuruhusu au kukataza maduka. Kiwanda cha Eldoret kinaweza kutakiwa kupiga alama za mafungu madogo yanayotambulisha kituo kilichopokea risasi. Kila kituo cha polisi kinaweza kutakiwa kulinganisha, kila mwezi, risasi zilizotolewa na zilizorudishwa, na hesabu hiyo ikaguliwe na mtu asiye wa kituo hicho. Polisi wa akiba nao wahesabiwe vivyo hivyo, kwa kuwa wao ndio wanaopewa silaha mbali na macho ya wakubwa. Kisha Bunge lielezwe matokeo, kama linavyoelezwa matumizi ya fedha za umma.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyabiashara wa Kibuye anayeuza omena kwa gorogoro anaufuata usemi huo kila jioni anapofunga hesabu zake. Si haki kwamba debe la omena liwe na hesabu iliyonyooka kuliko sanduku la risasi katika ghala la Serikali.