"Progressive" Haimaanishi Maendeleo

Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kwetu bado mimi ndiye msomi. Kwa hivyo shosho alipoitwa hospitalini kuelezwa hali ya figo zake, nilitumwa mimi. Daktari, kijana wa rika langu, aliongea Kiingereza mwanzo mwisho, macho kwa kompyuta. Nilishika neno moja: "progressive".

"Anasemaje?" shosho akauliza.

"Anasema inaendelea."

Shosho akafumba macho, akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Jumapili akatoa ushuhuda kanisani. Kliniki iliyofuata hakwenda. Kwani mtu anayeendelea vizuri anaenda kufanya nini?

Miguu yake ilipofura ndipo nilielewa. "Progressive" ya daktari ni ugonjwa unaozidi kuharibika.

Utaniambia kosa ni langu. Sawa, nusu nitabeba. Lakini hebu tukiangalie hiki Kiingereza cha hospitali. Shida si yale majina marefu ya Kilatini. Ukisikia jina usilolijua, unauliza. Mtego uko kwa maneno madogo unayodhani unayajua. Tangu nasari tunafunzwa "positive" ni kitu kizuri. Fika maabara, na mara nyingi "negative" ndiyo ya kupigiwa vigelegele. "Acute" ni ugonjwa ulioanza ghafla. "Chronic" ni wa muda mrefu, si lazima uwe mkali. "Unremarkable" kwa ripoti ya eksirei si dharau, hawakuona kasoro. "Discharge" ni ruhusa ya kwenda nyumbani, na pia ni ute au usaha unaotoka mwilini. Na "theatre", jameni, hakuna mchezo wa kuigiza huko. Halafu kwa lugha hii hii mtu anawekewa fomu ya upasuaji mbele yake na kuambiwa, "Weka sahihi hapa."

Kuna wanaosema ati Kiswahili hakina istilahi. Uongo. Saratani, kisukari, shinikizo la damu, upasuaji, figo: yote yapo. Na daktari huyo huyo akitoka nje kununua smokie, Kiswahili kinamtoka bila shida. Ndiyo, hata Kiswahili kina mitego. Ile "inaendelea" yangu ndiyo ilimponza shosho. Lakini wangeongea wao wawili, shosho angeuliza mwenyewe na daktari angejibu mwenyewe. Nisingekuwa katikati nikibahatisha.

Sheria nayo haijanyamaza. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Inapowezekana! Daktari Mkenya, mgonjwa Mkenya, meza moja katikati yao. Inashindikana wapi?

Kiingereza pale hakimtibu mtu. Kinamkumbusha shosho nani amesoma na nani hajasoma, na mtu aliyekumbushwa hivyo haulizi maswali. Ananyamaza, anaitikia kwa kichwa, anaenda nyumbani na dawa asizozielewa.

Daktari, kazi ya kueleza ugonjwa ni yako, si ya mjukuu. Ongea na shosho. Na kabla hajafika mlangoni, muombe akuambie kwa maneno yake alichosikia. Akikujibu, "Mungu ni mwema, inaendelea," mrudishe kwa kiti.