Tusiuite Uchovu Upungufu wa Imani

Kila baada ya miezi michache neno hili hurudi katika vikao vyetu: vijana wamepoa. Hawaonekani mazoezi ya kwaya, jumuiya zimebaki za kina mama, na wakija ibada ya kwanza wanasinzia. Basi tunaandaa semina, tunamwalika mhubiri kutoka mtaa mwingine, naye anawaambia waombe zaidi. Tunampigia makofi.

Ndugu wapendwa, semina hizo tunazifanya ili tusiulize swali moja: vijana hawa wanashinda wapi? Wengi wao wanauza maduka ya Kariakoo na supamaketi za jiji. Wako kituo cha daladala kabla hakujapambazuka. Wanasimama kaunta mpaka miguu inavimba, wakimchekea mteja anayewafokea kwa sababu chenji hakuna. (Mteja huyo mara nyingi ni sisi, tumetoka ibadani na Biblia kwapani, tunagombana na foleni.) Usiku hesabu inafungwa. Ikipungua, wao huita shoti, na shoti inakatwa kwenye mshahara wa keshia, awe amekosea yeye, iwe ni noti ya bandia, au mwenzake alimshikia droo alipokwenda msalani.

Binti mmoja wa sauti ya pili aliacha kuimba. Tulisema amerudi nyuma, na wapo waliodai wanajua ni kwa sababu ya mwanamume gani. Ilipita miezi ndipo mmoja wetu akamfuata kazini. Alikuwa na shoti ya mwezi wa pili mfululizo, hapati usingizi, na kila droo ikifunguliwa mikono inamtetemeka. Waliomshika ni wenzake watatu wa kaunta, mmoja wao Mwislamu. Walikuwa na kopo la maziwa wanalotia shilingi 500 kila mmoja kila siku. Anayepata shoti anafidiwa humo. Akizidiwa na machozi anakwenda stoo, mwingine anamshikia kaunta. Hiyo ndiyo dawa yao ya msongo wa mawazo. Hawakuipata kwetu. Wale waumini wa kwanza tunaowasoma katika Matendo ya Mitume, waliotoa walivyonavyo kwa ajili ya wahitaji, wangelitambua kopo lile kabla ya kuitambua semina yetu.

Kuna wanaojibu kwamba sisi nasi tulifanya kazi ngumu ujanani na bado tulisali. Ni kweli, tulilima. Lakini jembe lina msimu, jua likiwa kali mtu hukaa kivulini, na mvua ikigoma hakuna aliyetukata mshahara. Kijana mvivu yupo pia, hatukatai. Siye tunayemsema hapa.

Eliya alipochoka aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Someni 1 Wafalme 19 polepole. Malaika hakumhubiria. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena, akamletea tena. Maswali ya Mungu yalimngoja Horebu, akiwa ameshakula na kulala. Sisi tunaanza na maswali, na mkate hatuna habari nao.

Tena hatuombi huruma tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na mapumziko ya saa moja kwa anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano. Hasara haikatwi hivi hivi: kosa liwe la mfanyakazi, aandikiwe sababu na kiasi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Wangapi kati yetu wenye maduka tunayatimiza hayo? Maana wenye maduka tumo humu humu. Tunakaa viti vya mbele, na siku ya harambee ya paa tunatajwa kwa majina. Yakobo aliwaandikia matajiri kuhusu ujira waliouzuia, na barua ile haikutumwa kwa wapagani.

Tumeomba kikao kijacho kisijadili tena kupoa kwa vijana. Kiweke ibada ya Jumatatu jioni kwa walio zamu Jumapili. Na wenye maduka miongoni mwetu waje na madaftari yao ya makato, wayafungue mezani mbele ya wazee wenzao.