Mbege ya Msimu wa Baridi Inahitaji Joto, Siyo Hamira

Kuanzia Juni hadi Agosti, wingu hukaa chini kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, na jua linaweza kupotea hadi mchana. Huko Marangu, Machame na Kibosho, watu hutoa makoti na mablanketi mazito. Kwa wapika mbege, huu ndio msimu wa hesabu kuvurugika. Ndizi zinachelewa kuiva. Pombe iliyotazamiwa kuwa tayari Ijumaa, Jumamosi asubuhi bado ni tamu kama togwa, haina povu wala uchangamfu. Harusi haiahirishwi kwa sababu hiyo, na mwenye kilabu naye ana wateja wake mlangoni.

Hapo ndipo mpishi hushawishika kukata njia. Anamimina sukari, anatia hamira ya kuokea mikate, au anauza kilichopo kikiwa nusu mbichi. Njia hizo hazigusi kiini cha tatizo, kwa kuwa pombe hiyo haijapungukiwa chachu wala sukari. Imepungukiwa joto, na joto ndicho kitu rahisi kuliko vyote kukihifadhi, mpishi akipewa kipimajoto na maarifa ya kukitumia. Halmashauri zinazotoa leseni za vilabu vya pombe zina wajibu wa kuyafikisha maarifa hayo kwa watu zinaowatoza.

Mbege ni kazi ya siku nyingi. Ndizi mbivu huchemshwa, hupozwa, kisha huachwa zichachuke kwa siku kadhaa kabla ya kuchujwa. Pembeni, ulezi huloweshwa, huoteshwa, hukaushwa na kusagwa kuwa kimea. Kimea hicho hupikwa uji, uji ukapoa ndipo unapochanganywa na maji ya ndizi. Gome la mti wa msesewe huongeza uchungu wake unaojulikana. Katika kila hatua baridi ina mkono wake: huchelewesha wanga wa ndizi kugeuka sukari, huzuia ulezi kuota vizuri, na mwisho huilaza chachu ndani ya pipa.

Chachu ni kiumbe hai kisichoonekana kwa macho. Hula sukari, kikatoa kileo na hewa ya kaboni dioksidi, ile inayofanya povu. Wapishi wengi wa kienyeji hawainunui dukani, kwa maana imo tayari kwenye kata na kwenye vyombo vilivyotumika jana. Aina nyingi za chachu ya pombe hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 20 na 30 za Selsiasi. Joto likishuka chini ya 15, kazi hupungua sana. Likikaribia 10, chachu nyingi husimama kabisa. Hazifi, zinangoja. Kwa hiyo kuongeza hamira ndani ya pipa la baridi ni kuongeza idadi ya viumbe waliolala.

Sukari nayo ina hatari yake. Ikiongezwa wakati chachu imelala, hubaki pale pale. Siku mbili tatu baadaye pombe inapakiwa kwenye dumu, kifuniko kinakazwa, dumu linawekwa juani au ndani ya gari. Chachu inaamka, hewa inajaa, dumu linavimba, na kifuniko kinaweza kuruka usoni mwa mtu. Asipopata madhara hayo, mnywaji atapata pombe ambayo haijamaliza kuchacha, itakayoendelea kuumuka tumboni mwake.

Wazee walijua umuhimu wa joto bila kuwa na namba. Mikungu ilipandishwa juu ya dari la jiko, moshi na joto la mafiga likaiivisha taratibu. Katika nchi za Maziwa Makuu, ambako pombe ya ndizi hupikwa pia, ndizi huivishwa ndani ya shimo lililopashwa moto na kutandikwa majani ya migomba, kisha likafukiwa. Chombo cha kuchachushia kilifunikwa kwa majani na kuwekwa karibu na jiko. Nyumba za sasa zimebadilisha mambo hayo. Jiko la kuni limetolewa nje, sakafu ni ya saruji, paa ni la bati, na pipa la plastiki linakaa stoo, chumba chenye baridi kuliko vyote. Maendeleo hayo ni mema, lakini yameondoa chanzo cha joto na hayakuweka kingine badala yake.

Nje ya Afrika yako mafunzo pia. Wilayani Voss, magharibi mwa Norway, wakulima wamepika bia nyumbani kwa karne nyingi katika nchi ambayo majira yake ya baridi ni makali mara nyingi kuliko Julai ya Kilimanjaro. Mtafiti Lars Marius Garshol, aliyezunguka mashambani humo na kuchapisha kitabu chake mwaka 2020, ameeleza jinsi wanavyofanya. Hawasubiri mchanganyiko upoe hadi joto la chumba. Hutia chachu ukiwa bado na joto la karibu nyuzi 40, huvifunga vyombo kwa mablanketi na nguo nzito, na bia huweza kumaliza kuchacha ndani ya siku mbili hivi. Chachu yao, iitwayo kveik, imezoea joto hilo kwa vizazi vingi, hivyo namba yao isiigwe kibubusa Marangu au Njombe. Kinachofaa kuigwa ni utaratibu wenyewe: anza kazi na joto, kisha ulinde joto ulilo nalo.

Utaratibu huo hufanikiwa kwa sababu chachu ikishaanza kula sukari huzalisha joto lake yenyewe. Pipa la lita 200 lililo katikati ya kazi huwa na joto kuliko chumba lilimo. Ndoo ya lita 20 haina bahati hiyo, kwa kuwa kila lita ndani yake ina eneo la kupotezea joto karibu mara mbili ya lita iliyo ndani ya pipa lenye umbo lile lile. Mpishi mdogo, yule mwenye ndoo mbili tatu, ndiye anayeumizwa zaidi na baridi, na ndiye mwenye mtaji mdogo wa kuhimili hasara.

Mtungi wa udongo nao uangaliwe upya. Watu huupenda kwa kuwa hupoza maji, na hupoza kwa sababu unyevu hupenya kwenye ukuta wake na kukauka nje, ukichukua joto. Sifa hiyo ni neema mwezi Januari. Mwezi Julai mtungi huohuo huinyonya pombe joto usiku kucha, usipofungwa vizuri.

Je, mpishi afanyeje? Kwanza, chombo kisikae juu ya saruji tupu. Kiwekwe juu ya ubao au gunia lililojazwa majani makavu. Pili, kifungwe pande zote kwa blanketi, magunia au majani makavu ya mgomba, au kiwekwe ndani ya kasha lililojazwa pumba za mpunga. Akina mama wengi tayari wanatumia kikapu kilichojazwa nguo kuukuu kuivishia maharage bila moto, na kanuni ni ile ile. Tatu, uji wa ulezi uchanganywe ukiwa na joto la nyuzi 28 hadi 30, si ukiwa umeganda kwa baridi. Nne, usiku ukiwa mkali, dumu la lita tano lililojaa maji ya moto liwekwe ubavuni mwa chombo, ndani ya blanketi hilohilo, na maji yabadilishwe jioni na alfajiri. Mdomo wa chombo ufunikwe kwa kitambaa safi, usizibwe, ili hewa itoke.

Joto nalo lina mpaka. Likipita nyuzi 35, chachu za kawaida huanza kutoa ladha kali, na vimelea vya uchachu hupata nafasi ya kuigeuza pombe kuwa siki. Likifika 50 na zaidi, chachu hufa. Mkono wa mpishi mzoefu unatambua uvuguvugu, lakini haubaini kwa uhakika tofauti ya nyuzi 24 na 30, hasa alfajiri wakati vidole vyenyewe vimekufa ganzi. Kipimajoto cha kawaida cha jikoni hubaini. Kikitumbukizwa katikati ya pombe asubuhi na jioni, na namba ikaandikwa kwenye daftari, baada ya mapishi machache mpishi atajua nyumba yake inapoteza joto saa ngapi.

Njia moja haifai hata kidogo, nayo ni jiko la mkaa ndani ya stoo iliyofungwa. Mkaa unaowaka penye hewa haba hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoua mtu akiwa usingizini. Kila msimu wa baridi familia hupoteza watu kwa sababu hii. Chumba cha kuchachushia kina hatari ya pili: kaboni dioksidi ya pombe yenyewe ni nzito na hutuama chini, mahali anapolala mtoto kwenye mkeka. Hakuna mtu anayepaswa kulala chumba kimoja na mapipa yanayochacha, na hakuna mkaa unaopaswa kuingizwa humo. Blanketi na maji ya moto vinatosha.

Wapo watakaouliza kwa nini jamii ijishughulishe kuboresha pombe wakati ulevi unabomoa nyumba. Hoja hiyo ni nzito, na hakuna mwenye akili anayepuuza maumivu ya familia ya mlevi. Hata hivyo mbege inapikwa leo na itapikwa kesho. Imo kwenye mahari, kwenye harusi, kwenye matanga na kwenye vikao vya ukoo vya kusuluhisha ugomvi. Wanaoipika kwa sehemu kubwa ni wanawake, na fedha yake hulipa ada na dawa. Swali lililobaki ni kama itapikwa kwa ujuzi au kwa kubahatisha. Pombe iliyochacha vizuri na kuuzwa kwa wakati wake haimpi mpishi sababu ya kuichanganya na gongo ili iwe kali.

Serikali kujali joto la pombe si jambo geni. Mwaka 1553 watawala wa Bavaria, nchini Ujerumani, walipiga marufuku kupika bia kati ya Aprili 23 na Septemba 29, kwa sababu bia iliyochacha wakati wa kiangazi iliharibika. Leo viwanda vikubwa vya bia, vikiwemo vya Arusha na Mbeya, haviachi tangi lichache bila kudhibiti joto lake. Mpika mbege wa Kibosho anayatawala maisha ya viumbe walewale wa chachu. Anachokosa ni kifaa cha bei ndogo na mtu wa kumweleza.

Tanzania ina Sheria ya Vileo tangu 1968, na vilabu vya pombe za kienyeji hulipia leseni. Ofisa anayekagua kilabu hutazama kibali, choo na saa za kufungua. Akaguaye usafi anaweza pia kuuliza pombe ilichachushwa kwenye chombo gani, wapi, na kwa joto lipi. Maofisa maendeleo ya jamii hukutana na vikundi vya wanawake, na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, limekuwa likifundisha usindikaji wa vyakula. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imewekwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha wapika pombe chenye leseni kikiomba vipimajoto, vyombo vya plastiki vya daraja la chakula na makasha ya pumba, ombi hilo lipimwe sawa na la wafuga kuku au washona nguo.

Kazi inaweza kuanza katika kata moja, kabla ya Juni ijayo. Mapishi yaleyale yagawanywe katika ndoo tatu: ya kwanza iachwe wazi sakafuni, ya pili ifungwe blanketi juu ya ubao, ya tatu ifungwe na kupewa dumu la maji ya moto. Joto lisomwe asubuhi na jioni mbele ya wapishi wenyewe, na waonje siku itakapoiva. Kisha wao, si ofisa, waamue ni ndoo ipi ya kuigwa, na wakawaonyeshe wenzao wa kata jirani.