Kosa la Kitabu Lisiwe la Mwanafunzi
Wanaojifunza kuandika draiva za Linux, yaani programu za kuendeshea vifaa vya kompyuta, huelekezwa kwenye kitabu cha Corbet, Rubini na Kroah-Hartman, toleo la tatu, 2005. Kitabu ni chema: kinaeleza vizuri jinsi kifaa kinavyoikatiza prosesa ili kihudumiwe. Lakini mifano yake ni ya kiini cha Linux 2.6.10, nacho kimebadilika mno tangu hapo. Mwanafunzi hunakili mfano, ukakataa, akajiona mjinga. Kosa si lake.

Ndugu mwalimu, hata kitabu cha darasa la tatu, kwanza tazama mwaka wake, jaribu mifano yake wewe mwenyewe, kisha mwambie mwanafunzi waziwazi lipi lingali kweli na lipi limepitwa na wakati.