Nyumba ya kwanza: bei ianze kwa mnunuzi, si kwa dalali

Mfanyabiashara anayevusha vitunguu Namanga hafundishwi kupatana bei. Kabla hajagusa gunia anajua jana liliuzwa shilingi ngapi Nairobi, gari litakula kiasi gani, vibarua watadai ngapi na gunia lipi lina vilivyooza katikati. Bei anayoitaja shambani ametoka nayo nyumbani. Mtu huyo huyo akienda kutafuta nyumba yake ya kwanza pembezoni mwa Arusha, akili hiyo yote anaiacha kwenye lori. Dalali anataja milioni 65, yeye anauliza, "Haipungui?" Anaambiwa maongezi yapo. Wanashuka hadi 60, wanapeana mikono, na anarudi Namanga akijisifu kwamba ameokoa milioni tano.

Hajaokoa kitu. Milioni tano hizo ziliwekwa pale mapema ili zipate kuondolewa. "Haipungui?" ni swali la mtu ambaye tayari ameikubali bei ya muuzaji kuwa ndiyo kipimo, na sasa anaomba hisani. Bei ya kwanza ya mnunuzi inatakiwa itoke kwenye hesabu yake mwenyewe, hata kama muuzaji hajafungua mdomo.

Chukua mfano wa pagale, maana ndilo wengi wanaloanza nalo: kuta zimesimama, lenta imefungwa, bati bado. Katika mtaa huo huo nyumba ya ukubwa ule, iliyokamilika, imeuzwa kwa milioni 80. Imeuzwa, si inatajwa. Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa, na jirani aliyeshuhudia mauziano anaijua kuliko dalali. Fundi asiye na undugu na muuzaji anakadiria milioni 28 za kupaua, kupiga plasta, milango, choo, maji na umeme. Milioni tatu ziende kwa wakili, ushuru wa stempu na gharama za uhamisho. Inabaki 49. Toa na pango atakaloendelea kulipa mwaka mzima akisubiri ujenzi, tuseme 200,000 kwa mwezi, yaani milioni 2.4. Kikomo chake ni milioni 46 na ushei. Kinachozidi hapo ni hasara aliyoinunua mwenyewe.

Kwa hesabu hiyo, kuanza na milioni 40 mbele ya mtu anayetaka 65 si utani wala dharau. Dharau ni kutaja 40 bila sababu. Muuzaji wa nyumba si muuzaji wa jumla. Huenda kiwanja kile aliachiwa na baba yake, na mnunuzi akishahamia wataonana kila siku dukani. Akiwekewa karatasi yenye makadirio ya fundi na bei ya nyumba ya jirani, anaweza kukasirika, lakini hatatukanika. Atabishana na tarakimu, na hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanapoanza.

Kikomo kina adui mwingine, nao ni mtaji. Mshahara wa mwalimu unarudi mwisho wa mwezi hata akimaliza akiba yake yote kwenye nyumba. Fedha ya mvushaji mzigo hairudi kama haizunguki. Anayelipa milioni 46 akabaki hana fedha ya mzigo wa wiki tatu zijazo ataishia kwa wakopeshaji wa kausha damu, na nyumba ile ile ndiyo itakayowekwa rehani. Fedha ya mzigo itengwe kwanza, ndipo kikomo cha nyumba kiandikwe. Wenye akiba ya shilingi za Kenya wana la ziada: wakiahidi bei kwa shilingi za Tanzania leo na kubadilisha fedha mwezi ujao, kiwango kinaweza kuwa kimewageuka.

Kuhusu dalali, yafaa isemwe wazi. Analipwa zaidi nyumba ikiuzwa ghali, na wapo wanaoweka cha juu ambacho hata mwenye nyumba hakijui. Bei ya kwanza itajwe mbele ya mwenye mali. Kama mwenye mali ana mke au mume, naye awepo, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania inazuia mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Bei iliyokubaliwa na baba peke yake sebuleni haijakubaliwa bado.

Itajwe pia na masharti yake. "Milioni 40, hati ikiwa safi baada ya upekuzi ofisi ya ardhi, na kodi ya faida ukilipa wewe." Sentensi hiyo ina thamani kuliko punguzo la milioni mbili. Tanzania kodi hiyo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na sheria inamtaka muuzaji ailipe, lakini wauzaji wengi humsukumia mnunuzi siku ya kusaini. Kenya imekuwa asilimia 15 tangu Januari 2023. Ushuru wa stempu, ambao humwangukia mnunuzi, nao hutofautiana: asilimia 1 Tanzania, 1.5 Uganda, na Kenya asilimia 4 mijini na 2 nje ya miji. Anayenunua Kitengela nyumba ya shilingi milioni tano za Kenya akapigiwa asilimia 4 anahitaji 200,000 nyingine. Kama hakuzihesabu kabla ya kutaja bei, amekwisha kupita kikomo chake bila kujua.

Na kama muuzaji hana hati, ana karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, ile milioni 40 ishuke tena. Kuna upimaji wa kulipia, na benki nyingi haziichukui karatasi hiyo kama dhamana.

Hapa ndipo soko la pamoja linapomwacha mfanyabiashara. Itifaki iliyoanza kutumika Julai 2010 inavusha vitunguu vyake, lakini Ibara ya 15 imeiacha ardhi chini ya sheria za kila nchi. Mkenya hawezi kumilikishwa ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji. Mtanzania akinunua Kenya, Katiba inampa ukodishaji usiozidi miaka 99. Wanaonunua kwa jina la shemeji upande wa pili wasijisumbue na mbinu za bei. Hata akiuziwa kwa milioni 20, nyumba ni ya shemeji.

Kwa anayenunua kwao, muuzaji akikataa 40 na kugoma kushuka chini ya 55, hakuna aibu kuaga. Kitunguu kisipouzwa leo kesho kinaoza, nyumba haiozi. Ila muuzaji anaweza kuwa na ada ya shule au deni la benki linalomsubiri. Aachiwe namba ya simu na ile karatasi ya hesabu, bila senti ya kushikilia. Mnunuzi arudi kwenye mzigo wake, na baada ya wiki tatu apige simu kuuliza kama nyumba bado ipo.